USILE UYOGA USIOUJUA



Mvua zikianza kunyesha Kigoma, uyoga huota kwenye vichuguu na chini ya miti ya miombo. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa Ziwa Tanganyika hawavui dagaa kwa taa. Dagaa huadimika sokoni Ujiji. Siku hizo uyoga ni kitoweo kizuri, tena cha bure. Basi hatusemi uache kula uyoga. Tunasema, usile uyoga usioujua.

Watu wengi wana vipimo vyao. Wengine huchemsha uyoga pamoja na kitunguu saumu au sarafu. Rangi isipogeuka, wanakula. Wengine hutazama kama umeliwa na wadudu. Vipimo hivi si vya kweli. Mdudu anaweza kula uyoga asidhurike, lakini wewe ukafa. Na sumu kali ya uyoga haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuanika juani.

Wengine husema kila uyoga wenye kikombe shinani ni mbaya. Lakini katika miombo ya Tanzania kuna uyoga wenye kikombe unaoliwa, na kuna wenye kikombe unaoua. Alama moja haitoshi.

Njia ni moja tu. Jifunze kwa mzee aliyeuchuma na kuula uyoga wa msitu huo huo kwa miaka mingi. Jifunze aina moja moja, kama ulivyojifunza herufi. Herufi b na d hufanana, lakini si moja. Tazama uyoga umeota wapi. Tazama juu ya kofia na chini yake. Uchimbue mzima, usiukate, maana kikombe hubaki udongoni. Uyoga mwingi wa kichuguuni una mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwenye makao ya mchwa.

Kama umehamia kutoka mkoa mwingine, au Burundi, au Kongo, usiseme, "Huu ni ule wa kwetu." Mwaka 2021 familia moja kutoka Afghanistan ilipokewa Poland. Ilichuma uyoga wa msituni ikaupika. Watoto wawili wakafa.

Tena, usiwatume watoto peke yao kuchuma uyoga.

Mtu akila uyoga akatapika au akaharisha, mpeleke zahanati mara moja. Chukua na uyoga uliobaki. Sumu mbaya zaidi huchelewa. Dalili huanza baada ya saa 6 hadi 24 kupita. Kisha mgonjwa hupata nafuu kwa siku moja au mbili. Nafuu hiyo ni ya uongo, kwa sababu ini linaendelea kuharibika. Usimrudishe nyumbani kabla mganga hajakuruhusu.

Ukikosea kusoma neno, utalisoma tena. Ukikosea uyoga, huenda usipate nafasi ya pili. Ukiwa na shaka, utupe. Kula ugali kwa chumvi siku moja si aibu.