Kliniki ya Macho si ya Siku Moja

Miongoni mwa maradhi yanayowapofua watu wazima, glaukoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, ina hila kuliko mengine. Mtoto wa jicho humfunika mtu macho kama ukungu, lakini akitolewa na daktari, mgonjwa huona tena. Glaukoma haina rehema hiyo. Kile ilichokwisha kukichukua hakirudi, si kwa dawa, si kwa upasuaji, wala kwa miwani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ugonjwa huu hata huo ukuta haujengeki. Kwa sababu hiyo, kurudi kliniki kila tarehe inapofika si nyongeza ya tiba. Ni sehemu ya tiba yenyewe.

Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutolewa wakati wote. Njia ya kutokea inapozuilika, shinikizo huongezeka na kuuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka ubongoni habari za kile kinachoonwa. Uharibifu kwa kawaida huanzia pembeni, na jicho moja huficha kasoro ya jingine. Mtu huendelea kusoma majalada ofisini au kusahihisha madaftari ya wanafunzi, hali nuru yake inaliwa kidogo kidogo, mara nyingi bila maumivu yoyote. Wapo hata ambao mshipa wao huumia ilhali shinikizo limo katika kiwango cha kawaida. Hivyo daktari hana budi kupima shinikizo, kuutazama mshipa wenyewe na kupima upana wa kuona, kisha kulinganisha na vipimo vya nyuma. Kipimo cha siku moja hakiwezi kumwambia kama ugonjwa umesimama au unasonga mbele.

Wala jambo hili si la watu wachache. Utafiti uliotangazwa mwaka 2000, uliofanywa katika vijiji sita vya wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, ulipima watu zaidi ya 3,200 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Ulikuta kwamba takriban wanne katika kila mia walikuwa na glaukoma. Huo ndio umri ambao mwalimu na mtumishi wa umma wamekwisha kupata uzoefu, na Taifa linautegemea uzoefu huo.

Ni rahisi kumshutumu mgonjwa asiyerudi kliniki kwamba ni mzembe. Shutuma hiyo inasahau mambo mengi. Mtu huyu hakuwa na maumivu. Amepewa matone ambayo huenda yakamwasha macho, wala hayamwongezei nuru hata kidogo. Chupa moja humfaa kwa muda wa kama mwezi mmoja tu, na ikiisha hana hakika ya kuipata nyingine karibu na kwake. Kliniki yenye daktari bingwa iko mbali. Atalipa nauli, atatafuta pa kulala, na pengine atahitaji mtu wa kumsindikiza. Akifika, huambiwa hali yake ni ile ile. Kama hakuna aliyemweleza kwamba katika glaukoma "ile ile" ndiyo ushindi, ataona kwamba fedha yake imepotea bure. Mtu mwenye akili timamu anaweza kabisa kufikia uamuzi wa kutorudi, na uamuzi huo ukampofua.

Jaribio lililofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kutangazwa mwaka 2021, linatoa fundisho kubwa. Wagonjwa 201 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilitumia matone ya timolol, na jingine lilitibiwa kwa mwanga wa leza. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilikuwa imefaulu katika macho 31 kwa kila 100 ya kundi la matone, na 61 kwa kila 100 ya kundi la leza. Matokeo haya ni hoja nzito ya kueneza leza katika hospitali nyingi zaidi, kwa kuwa haimtegemei mgonjwa akumbuke dawa kila siku. Lakini asitokee mtu wa kudai kwamba leza imeondoa haja ya kurudi. Yale macho 39 ambayo leza haikuyafaa yangejulikanaje kama wenyewe wasingerudi kupimwa? Na hata pale ilipofaulu, nguvu yake huweza kufifia kadiri miaka inavyopita.

Basi wajibu ugawanywe. Watumishi wa afya watenge dakika chache za kumweleza mgonjwa, kwa Kiswahili chepesi, kwamba dawa hii ni ya kulinda na si ya kurudisha, na wamwoneshe namna ya kudondosha tone. Daftari la miadi lisiwe la kuhifadhi majina tu: asiyefika atafutwe, kwani simu sasa zimeenea hadi vijijini. Wahusika wa ugavi wahakikishe matone yanapatikana karibu na wananchi.

Maofisini na mashuleni, wakuu wa kazi watambue kwamba ruhusa ya siku moja ya kwenda kliniki si upendeleo. Anayemnyima mtumishi siku hiyo anajiandalia kumpoteza kwa miaka yote iliyosalia. Watumishi wa serikali waliingizwa katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya tangu mwaka 2001. Haifai mwenye kadi ya bima apofuke kwa kukosa ruhusa.

Jamaa za mgonjwa nao wanahusika. Ndugu wa tumbo moja na watoto wake wamo katika hatari kubwa kuliko wengine, hivyo nao wapimwe. Wasigawane matone: timolol inaweza kumdhuru vibaya mwenye pumu. Wala mtu asijinunulie ovyo dawa za macho dukani, kwani zile zenye steroidi zinaweza zenyewe kupandisha shinikizo la jicho.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi mbele ya redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walimu walikuwa miongoni mwa nguzo za elimu ya watu wazima ya wakati ule. Glaukoma yahitaji juhudi ya namna hiyo, tena ya kudumu, maana ugonjwa huu hauna siku ya mapumziko. Mwalimu anayemsomea jirani tarehe iliyoandikwa katika kadi ya kliniki, na siku ikifika akamuuliza kama amekwenda, ametenda sehemu ya kazi ya daktari.