Ugonjwa wa shangazi nao ni habari yetu

Ndugu msomaji, ukiulizwa leo bibi yako mzaa baba alifariki kwa ugonjwa gani, utajibu nini? Wengi wetu tutasema "tumbo", na mazungumzo yataishia hapo. Katika nyumba nyingi, za Tunduma na Vwawa kama kwingineko, neno hilo moja limefunika magonjwa mengi. Mojawapo ni saratani ya ovari, yaani kansa inayoshika vile vifuko viwili vinavyotunza mayai ya uzazi ya mwanamke.

Ugonjwa huu una hila, kwa sababu hauanzi kwa maumivu makali. Mama huhisi tumbo limejaa, hushiba baada ya matonge machache, huenda haja ndogo mara kwa mara, na huumwa chini ya kitovu. Hunywa dawa ya minyoo au ya vidonda vya tumbo, kisha huendelea na shughuli zake sokoni au shambani. Tumbo linapovimba, majirani huanza kunong'ona habari za uchawi, na kumbe ugonjwa umekwisha kuenea. Takwimu za Marekani zaonyesha kwamba saratani hii ikigunduliwa ingali ndani ya ovari, wagonjwa wapatao 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ikigunduliwa imetapakaa mbali, hubaki 3 hivi kati ya 10.

Wagonjwa wengi hawakuurithi ugonjwa huu. Lakini wako wanaozaliwa na kasoro katika vinasaba vyao. Mwaka 1990, mtaalamu wa Marekani Mary-Claire King alionyesha mahali ilipo jeni inayohusika na saratani za ukoo. Jeni hiyo, iitwayo BRCA1, ilipatikana mwaka 1994, na mwenzake BRCA2 mwaka 1995. Jeni hizi ni kama mafundi wa kukarabati chembe za mwili. Fundi akiwa mbovu, hitilafu hurundikana na saratani huzuka katika ovari au matiti. Katika Marekani, mwanamke wa kawaida ana hatari ya kama 1 katika 100 ya kupata saratani ya ovari maishani. Mwenye kasoro ya BRCA1 ana hatari ya kama 40 katika 100.

Hapa ndipo shangazi anapoingia. Kasoro hiyo hutoka kwa mama au kwa baba, na kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Baba hana ovari, lakini aweza kumrithisha binti yake kasoro iliyomuua dada yake. Kwa hiyo kuuliza habari za upande wa mama peke yake hakutoshi. Na kwa familia za Kinyamwanga ambazo ndugu zao wako Nakonde, ng'ambo ya mpaka, maswali hayo na yavuke mpaka pia.

Wengine huogopa kujua. Lakini kasoro hiyo si hukumu ya kifo. Chembe za saratani zenye kasoro ya BRCA hushindwa kujikarabati, hivyo dawa zenye platinamu huziua kwa urahisi zaidi. Uchunguzi umeonyesha kwamba wagonjwa wa namna hiyo huishi zaidi, hasa katika miaka 5 ya mwanzo. Tangu mwaka 2014 imekuwapo pia dawa ya olaparib, inayolenga udhaifu huohuo.

Je, si afadhali akina mama wote wapimwe damu? Kipo kipimo kiitwacho CA-125, lakini hupanda hata kwa mimba, hedhi au uvimbe usio saratani. Uingereza ilifuatilia wanawake zaidi ya 200,000, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kuwapima wasio na dalili hakukupunguza vifo.

Basi tuanze na kilicho mikononi mwetu. Jumapili hii chukueni daftari, mkae na wazee, mwandike nani katika ukoo aliugua matiti au tumbo, na akiwa na umri gani. Mama mwenye dalili nilizozitaja karibu kila siku kwa majuma mawili au matatu na aende hospitali na daftari hilo, aombe kupigwa picha ya ultrasaundi. Akihitaji zaidi, ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kisha Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900 kutoka Tunduma. Ni safari ndefu, na nauli yake si ndogo. Akina baba, tuitoe mapema, mama angali na nguvu ya kupanda basi mwenyewe. Mficha maradhi, kilio humuumbua.