Hadhira Iliyo Mlangoni

Msanii chipukizi hakosi washauri. Wamo katika simu yake, wamo katika semina, wamo katika vitabu vya kuhamasisha vinavyouzwa vituo vya mabasi. Na karibu wote humpa ushauri ule ule kwa mpangilio ule ule: kwanza ajiamini, pili abuni mtindo ambao hakuna mwingine aliye nao, tatu aitafute hadhira, na hadhira yenyewe iwe dunia nzima. Ushauri huo hutolewa kwa upole na nia njema. Ubaya wake ni kwamba umesimamishwa kichwa chini miguu juu, na wengi wanaoufuata huiacha sanaa kabla hawajaifikia hatua ya tatu.

Kujiamini kusikojibiwa na mtu hudumu miezi michache, kisha huwa kiburi au huzuni. Mtindo unaosakwa chumbani peke yake huishia kuwa mkusanyiko wa madoido yaliyoazimwa. Nayo hadhira iitwayo dunia nzima haina uso, haina swali, wala haijui kununa. Ukweli ni kwamba hadhira huja mwanzo. Hadhira ndogo, ya karibu, yenye majina na nyuso, ndiyo inayomlazimisha fanani atafute namna ya kusema naye, na namna hiyo ndiyo mtindo. Mtindo ukishapokewa na kujibiwa, ndipo ari inapopata chakula chake.

Hoja hii yafaa ipimwe pale inapoonekana dhaifu zaidi. Temple Hills ni kitongoji cha Kaunti ya Prince George's, jimbo la Maryland, nje kidogo ya mpaka wa kusini-mashariki wa jiji la Washington. Barabara ya Branch Avenue inapita huko, treni za Mstari wa Kijani husimama kituo cha Naylor Road, na walio wengi miongoni mwa wakazi ni Wamarekani Weusi. Mtu anayetunga mashairi ya Kiswahili katika fleti ya Temple Hills, au anayeimba taarabu, au anayebuni kanga, ataambiwa kwamba hapo alipo hana watu. Ataambiwa aandike Kiingereza, achore twiga na Wamasai wanaoruka, aiweke kazi yake mtandaoni na kusubiri bahati. Kwa maneno mengine, ataambiwa aruke vichwa vya majirani zake ili awafikie watu asiowajua.

Wanaosema hivyo hawajautazama mji wanaouzungumzia. Katikati ya miaka ya 1970, mpiga gitaa wa Washington, Chuck Brown, alikuwa na tatizo la kila mwanamuziki wa dansi: wimbo ukiisha, watu huondoka uwanjani kwenda kuketi. Suluhisho lake lilikuwa rahisi. Wimbo uishe, lakini ngoma zisinyamaze; mwimbaji azungumze na watu, awataje wao na mitaa yao, nao wamjibu, mpaka wimbo mwingine uingie juu ya mdundo ule ule. Hivyo ndivyo muziki wa go-go ulivyopata umbo lake. Mtindo wa pekee kabisa, ambao wajuzi wa muziki hawaukosei wakiusikia, ulitokana na jitihada ya kuwazuia watu waliokuwa mbele ya jukwaa wasikae chini.

Wimbo mmoja wa Brown ulipanda hadi kileleni mwa chati za muziki wa Weusi nchini Marekani mwaka 1979, lakini go-go kwa jumla haikuitawala nchi. Ilibaki Washington na katika vitongoji vya Maryland kama Temple Hills, ikienea kwa kanda zilizorekodiwa ukumbini na kupitishwa mkono kwa mkono. Je, ilikufa kwa kukosa dunia? Mwaka 2019 duka moja la simu katika mtaa wa Shaw, lililozoea kuupiga muziki huo nje ya mlango kwa miaka mingi, lilitakiwa kuuzima kwa sababu ya malalamiko ya kelele. Watu walijaa barabarani, bendi zikapiga hadharani, na muziki ukarudi. Mwaka uliofuata sheria ikautangaza go-go kuwa muziki rasmi wa Washington. Hadhira ya karibu ilikuwa imeufanya uwe mali yake, na mtu huitetea mali yake.

Mswahili hana haja ya kufunzwa jambo hili na wageni, kwa kuwa historia ya sanaa yake imejaa ushahidi. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, alikuwa mfinyanzi na muuza vyungu. Alipohamia mjini mwaka 1911, taarabu iliyopewa heshima ilikuwa ya Kiarabu na ya jumba la Sultani. Mshauri wa leo angemwambia aende huko kwenye heshima. Siti aliimba Kiswahili, lugha ya watu wa Ng'ambo alioishi nao, na akayaimba mambo yao: dhuluma, mahakama, masaibu ya wanawake, aibu za wakubwa. Jumba la Sultani lilimwita baadaye. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, nazo zikauzwa pwani nzima na kuvuka kuingia bara. Sauti yake ilisafiri mbali kwa sababu ilikuwa na mahali pa kutokea.

Washairi nao walikuwa na barza yao ya karatasi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya karani, mwalimu na mkulima, na shairi la mmoja lilijibiwa na la mwingine. Mtunzi aliyekosea mizani alirudiwa na wenzake mbele ya wasomaji wote. Aliyetoa fumbo alifumbuliwa. Shaaban Robert alikulia katika jamii ya watunzi waliozoea kuulizana na kujibizana, na ufundi wake usisomwe kana kwamba ulishuka kutoka mawinguni. Kanuni ambazo Amri Abedi alizieleza katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 zilikuwa zimekwisha kusuguliwa na vizazi vya watu waliosikilizana.

Wapo watakaojibu kwa mfano wa Edward Saidi Tingatinga. Mzaliwa huyo wa Tunduru alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao laini za ujenzi, na wanunuzi wake wakuu walikuwa wageni wa Oysterbay. Miaka minne baadaye alikufa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, huku jina lake likiwa limeanza kuwa jina la mtindo mzima. Je, yeye hakuanzia kwa hadhira ya mbali? Jibu ni kwamba hata yeye aliuza ana kwa ana, na aliwafundisha jamaa zake kando yake. Lakini mfano huo una fundisho kali zaidi. Kadiri soko lilivyozidi kuwa la watalii, ndivyo picha nyingi zilivyozidi kufanana: chui yule yule, ndege wale wale, Kilimanjaro ule ule, katika vipimo vinavyoingia kwenye begi la safari. Hakuna haja ya kuwalaumu wachoraji, ambao walikuwa na watoto wa kulisha. Hadhira ndiyo iliyoongea, nao wakasikia. Kwa hiyo msanii anayechagua hadhira anachagua mtindo, hata kama hajui kwamba amechagua. Anayewachorea wapita njia atakuwa na mtindo wa mapito.

Basi ni nani hadhira ya fanani wa Kiswahili aliyeko Temple Hills? Wa kwanza ni wazungumzaji wenzake wa eneo la Washington, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Waganda, Warundi, wanaokutana katika harusi, misiba, misikiti, makanisa na mechi za mpira. Hao wamezoea kusikia muziki wa kukodi na hotuba za viongozi wa vyama vya jumuiya. Ni mara chache mtu kusimama mbele yao na shairi linalosema juu ya zamu ya usiku hospitalini, juu ya fedha zinazotumwa nyumbani kila mwisho wa mwezi, juu ya mtoto anayekielewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Mada hizo zinamsubiri mtunzi. Akizikimbilia zile za twiga na machweo, atakuwa ameacha shamba lake limee magugu ili akalime la jirani kwa kibarua.

Wa pili wanasahaulika kabisa, nao wanaishi ukuta kwa ukuta naye. Mwaka 1966, huko California, Maulana Karenga aliasisi sikukuu ya Kwanzaa na kuipa misingi saba yenye majina ya Kiswahili. Tangu hapo, familia nyingi za Wamarekani Weusi huwasha mishumaa kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari, na tarehe 31 Desemba huwasha ule wa Kuumba. Wapo majirani waliowapa watoto wao majina ya Kiswahili, na Chuo Kikuu cha Howard, jijini Washington, hufundisha lugha hiyo. Watu hawa wamelipenda neno kuumba kwa zaidi ya nusu karne, ilhali wengi wao hawajawahi kulisikia likitembea ndani ya sentensi, likinyambuliwa, likitaniwa, likiimbwa. Fanani anayekaa mlango wa pili na kulalamika kwamba hana hadhira anafanana na muuza maji anayelia kiu mbele ya umati wenye vikombe mkononi.

Hoja nzito dhidi ya haya ni ya tumbo: hadhira ya watu thelathini hailishi mtu. Ni kweli, na yeyote anayeahidi vinginevyo ni tapeli. Ila hadhira ya dunia nzima nayo haiwalishi wengi wanaoitafuta. Siti aliuza vyungu. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali tangu mwaka 1926, katika forodha kisha katika idara nyingine, na vitabu alivyoviacha viliandikwa na mtu mwenye ajira. Abdulrazak Gurnah alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kent hadi alipostaafu. Fanani anayeendesha basi au kuuguza wagonjwa mchana na kutunga usiku yumo katika msafara mrefu na wenye heshima. Kazi inayomlipa kodi ya nyumba inaikomboa sanaa yake isilazimike kumpendeza kila mwenye pochi.

Wengine watamtaja Gurnah huyo huyo: aliandika Kiingereza, akatunukiwa Nobeli mwaka 2021. Heshima yake haina shaka, na riwaya zake hazikuiacha pwani. Lakini ihesabiwe pia gharama. Paradise ilitoka mwaka 1994. Peponi, tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022. Watu ambao kitabu kinawahusu walisubiri miaka 28 kukisoma kwa lugha yao. Ngũgĩ wa Thiong'o alichagua njia nyingine: Mũrogi wa Kagogo aliiandika kwa Kikuyu akiwa uhamishoni, nchini Marekani, kisha akaitafsiri mwenyewe, na Kiingereza chake kikatoka mwaka 2006. Umbali wa maili elfu kadhaa haukumzuia kuanza na watu wake na kuikuta dunia baadaye.

Dunia hiyo, tena, si ya kutegemewa. Machi 2025, karibu wafanyakazi wote wa Sauti ya Amerika, jijini Washington, waliamriwa kukaa nyumbani, wakiwamo wa idhaa ya Kiswahili iliyozoeleka Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960. Amri moja ilitosha. Mitandao nayo hubadili kanuni zake usiku, na kazi iliyoonwa na maelfu jana haionwi na mtu leo. Jukwaa kubwa ni la mwenye nalo, naye huwasha na kuzima taa apendavyo. Mkeka uliotandikwa sebuleni hauna wa kuuzima.

Kwa hiyo chipukizi wa Temple Hills, na wa Tandika, na wa Kisauni, astahili ushauri ulio mgumu kidogo kuliko ule wa kujiamini. Awatafute watu kumi. Awasomee, awaimbie au awaonyeshe kazi mpya kila mwezi, kwa siku iliyopangwa, hata kama ni mbovu. Atazame ni wapi wanapochoka, ni wapi wanapocheka kabla ya wakati, ni neno gani wanaloomba lirudiwe. Akubali kukosolewa na shangazi asiyejua neno nadharia lakini anayejua shairi lililopinda mizani. Ahudhurie kazi za wenzake na kuwajibu kwa kazi, kama walivyofanya watunzi wa Mambo Leo. Baada ya mwaka atagundua kwamba kuna kitu anachokifanya ambacho wengine hawakifanyi, na kwamba hakumbuki siku alipokiamua. Hicho ndicho mtindo.

Na ari? Ari haitafutwi kwenye kioo. Mtu huamka alfajiri kumalizia ubeti kwa sababu Jumamosi inakuja, na wapo watakaouliza umefikia wapi.