Leseni ya halmashauri si fatwa



Ndugu zangu wa Kilwa, Lindi na popote mlipo. Ipo hoja nilizoea kuisikia msimu wa mabibo, sasa imehamia kwenye fremu za barabarani na nyumba za wageni za ufukweni: "Shekhe, biashara ina leseni." Husemwa kana kwamba mjadala umefungwa. Leo tuufungue.

Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inamtaka muuza pombe apate kibali cha mamlaka ya leseni, auzie mahali palipokubaliwa, kwa saa zilizowekwa, na alipe ada. Basi! Katiba yetu inasema Jamhuri haina dini, nayo inatawala Waislamu na wasio Waislamu. Siilaumu serikali kwa kutotoa fatwa. Namlaumu Muislamu anayechukua risiti akaigeuza fatwa.

Tazameni gongo. Sheria ya mwaka 1966 iliibana. Mabibo yakichachuliwa, yakakenekwa kwenye pipa porini, polisi wanafika. Pombe kali ya kiwandani nayo hukenekwa kwa moto na mvuke uleule, lakini ikishabandikwa stempu ya ushuru na alama ya TBS inapangwa kaunta, taa zinawaka. Tofauti ni ushuru na usalama wa mnywaji. Usalama siudharau, watu wamepofuka na kufa kwa gongo mbaya. Lakini katika Suratul Maidah, aya ya 90, Allah (s.w.) ameuita ulevi uchafu katika kazi za shetani, na hakubagua wenye stempu na wasio na stempu.

Asije mtu akanifahamu vibaya. Bibo ni neema. Zabibu za Dodoma ni neema. Tembo lililogemwa alfajiri likanywewa lingali tamu, si kileo. Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu, akinywa hadi siku ya tatu, kisha kinachobaki huondolewa. Kipimo ni kulewesha. Na kwa wale wa "naonja tu mvinyo, nusu glasi, wageni wamenikaribisha": ametufundisha Mtume kwamba kinacholewesha kwa wingi wake, hata uchache wake ni haramu. Kuonja kumeshajibiwa.

Sasa tuje kwa wasiokunywa, maana ndio hasa niliowakusudia. Watu kumi wamelaaniwa katika pombe, kwa hadithi aliyoipokea Tirmidhi. Mnywaji ni mmoja tu. Yumo mkamuaji, yumo mchukuzi, yumo muuzaji, yumo mla thamani yake. Bodaboda unayepeleka madumu ya uraka, jitafute humo. Na wewe Alhaji mwenye fremu, usemaye "mpangaji ndiye mwenye leseni, mimi nakula kodi tu", hiyo kodi inatoka kwenye droo gani?

Najua atakuja mjuaji na kauli ya Imamu Abu Hanifa kuhusu kumpangisha asiye Muislamu. Ipo. Lakini wanafunzi wake wakubwa wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakumfuata katika hilo. Na tangu lini mtu wa Kilwa akawa Hanafi siku ya kupokea kodi peke yake? Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta wazee wetu ni Mashafi, akawasifu kwa dini na wema.

Jambo la mwisho, nalo linaniuma zaidi. Mwombaji wa leseni haanguki kutoka mbinguni. Jambo lake hupita kwa viongozi wa mtaa au kijiji, na wengi wao tunaswali nao safu moja. Baa ikishafunguliwa karibu na madrasa, ndipo tunatuma sauti za dakika saba WhatsApp. Muhuri ulipokuwa unagongwa tulikuwa wapi?

Sisemi mvunje chupa ya mtu wala kumtukana jirani asiye wa dini yetu. Hiyo ni dhulma. Nasema nendeni kwenye mkutano wa mtaa. Ulizeni kwa adabu: ni hatua ngapi hadi madrasa na shule? Inafungwa saa ngapi? Nani atakagua? Andikeni pingamizi, mtie saini, mbaki na nakala. Na mwenye fremu, mkataba ukiisha usiuhuishe. Mtafute fundi cherehani, muuza dawa, muuza vifaa vya uvuvi. Atalipa pungufu, huenda na kuchelewesha atachelewesha. Mpangishe huyo.

Wallahu a'alam.