MAARIFA YA MOTOKAA: Ford ya Zamani

Ndugu msomaji, mwenye kuijua motokaa ya leo asidhani kwamba aijua na Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani tangu 1908 hata 1927. Pedali zake ni tatu, lakini kazi zake ni nyingine. Ya kushoto ni ya gia: ukiikanyaga hadi chini, gari huenda polepole, ukiiachia, huenda mbio. Ya kati hurudisha gari nyuma. Ya kulia ni breki. Basi aliyezoea breki ya katikati atajikuta anakwenda kinyumenyume!

Petroli haiongezwi kwa mguu, bali kwa wenzo mdogo ulio upande wa kulia chini ya usukani. Ule wa kushoto huwahisha au huchelewesha cheche, nao ndio wa kuangaliwa zaidi. Kabla ya kupiga hendeli, vuta breki ya mkono, kisha upandishe wenzo huo juu kabisa ili cheche ichelewe. Ukisahau, injini yaweza kuirudisha hendeli kwa nguvu na kukuvunja mkono. Tena ivute kwa mkono wa kushoto, kutoka chini kwenda juu, na kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine.

Heri kuuliza leo kuliko kufungwa banzi kesho.