Fremu za Mbagala zinastahili vigae

Kanisa la Azania Front pale Kivukoni lilichorwa na watu waliozoea theluji. Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898 wakalimaliza 1902, kwa mtindo wa majengo ya milimani kwao Bavaria: mteremko mkali, vigae vyekundu, hadi madirisha yakawekewa vijipaa vyake vya vigae. Theluji haijafika Dar es Salaam hata siku moja. Kinachofika kila mwaka ni masika, vuli, jua la Februari na hewa ya chumvi kutoka bandarini, na lile kanisa bado limevaa wekundu wake. Sasa nenda Mbagala au Bunju ukahesabu majengo ya maduka yaliyojengwa juzijuzi tu, ambayo tayari bati lake lina kutu, viraka vya lami au rangi iliyopauka. Utachoka kabla hujamaliza mtaa.

Mimi ni fundi wa kupaua. Nimezaliwa Iringa, upande wa Tosamaganga, ambako misheni ya Wakatoliki ina mapaa ya vigae juu ya kilima unayoyaona ukiwa bado mbali. Siku hizi naishi Chamazi na kazi zangu nyingi ni fremu za maduka, kuanzia Mbande hadi Rangi Tatu, mara mojamoja Tegeta na Boko. Bati ndilo linalonilisha, na nitaendelea kulipigilia maadamu nalipwa. Lakini mtu akiniuliza jengo la biashara la kupangisha, lenye fremu nane au kumi, liezekwe kwa nini, jibu langu ni kigae cha udongo uliochomwa.

Nikilisema hilo kijiweni naambiwa, "Mzee, vigae ni vya kwenu Iringa kwenye baridi." Ni kinyume chake kabisa, na inafaa nieleze polepole. Kigae hata kikiiva vizuri kina vitundu vidogo vinavyokunywa maji. Mahali penye baridi ya kugandisha, maji yaliyomo ndani yanageuka barafu, yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na kigae kinapasuka au kinaanza kubanduka magamba. Usiku mmoja hauna neno. Majira mazima ya baridi, mwaka baada ya mwaka, ndiyo yanayokimaliza. Kwa sababu hiyo vijiji vingi vya juu kwenye milima ya Alps viliezekwa tangu zamani kwa mabamba ya mawe au vipande vya mbao, na viwanda vya Ulaya leo hukigandisha kigae maabara na kukiyeyusha, tena na tena, kabla ya kukipeleka sokoni. Kwetu mwenye haki ya kuogopa ni mtu wa Makete, kule Kitulo ambako Juni na Julai majani huamka yamefunikwa jalidi. Anayejenga hoteli au duka huko aulize kwanza kigae kimechomwa kwa moto wa kutosha au kimebabuliwa tu. Dar es Salaam, usiku wa baridi kuliko yote wa Julai, mtu anavuta shuka basi. Adui mkubwa wa kigae hana njia ya kufika Temeke.

Adui wa bati ndiye mwenyeji hapa. Bati ni chuma chembamba kilichopakwa zinki, au zinki na aluminiamu, kisha rangi. Mwenye jengo anakuja na bati la geji 30 akidhani namba kubwa ndiyo nguvu, kumbe namba ikipanda unene unashuka, na geji 30 ni kama robo ya milimita na ushee. Nikipiga msumari nimetoboa ile ngozi ya zinki, na chumvi inapata pa kuingilia. Kunduchi, Mbweni na Kigamboni kutu huanzia kwenye misumari na kwenye maungio, halafu inatembea. Bati la msauzi linapendeza mwaka wa kwanza, sikatai.

Lakini kutu si hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni mpangaji. Ingia saa nane mchana, mwezi wa pili, kwenye fremu ya futi kumi kwa kumi na mbili, bati juu, dari ya jipsamu imebanwa chini yake bila hata tundu la hewa. Kuna dada ninayemfahamu ana duka la dawa muhimu Mbagala Kuu. Maboksi ya dawa zake mengi yameandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Ukutani ametundika kipimajoto, na kila mchana kipimajoto kinamsuta. Feni inazungusha hewa ileile ya moto. Kiyoyozi angeweka, ila LUKU ingekula faida ya panadoli zote. Jirani yake ni fundi simu, ambaye gundi ya vioo inalainika kabla hajaigusa. Wa tatu ni wakala wa pesa. Masika ikianza kupiga juu ya bati, mteja na wakala wanaandikiana kiasi kwenye karatasi, kwa sababu hakuna anayemsikia mwenzake, na katika biashara ya pesa kutosikia sifuri moja ni hasara ya mwezi.

Kigae ni kizito, kwa hiyo kinachelewa kupata joto. Kinalazwa juu ya papi kimoja kimoja, na hewa hupita katikati ya maungio ikatoka na joto lililojikusanya juu ya dari. Maji kiliyokunywa wakati wa mvua hukauka jua likitoka, na kule kukauka kunapoza. Mvua ikinyesha unasikia mvumo, watu wanaendelea kuongea. Mpangaji wa fremu ya namna hiyo hahami ovyo, wakati jirani mwenye bati kila Januari anabandika mlangoni karatasi ya "fremu inapangishwa" na namba ya simu. Wenye majengo wanapiga hesabu ya bei ya paa. Miezi ambayo fremu inakaa wazi haimo kwenye daftari.

Sasa uzito, na hapa mafundi wenzangu huwaharibia watu. Paa la mita za mraba 100 likiezekwa bati, bati lenyewe halifiki kilo 400. Paa hilohilo kwa vigae vya udongo ni tani 4 au zaidi, na vikilowa vinaongezeka. Kenchi za bati watu huziachanisha futi nne au zaidi. Za vigae mimi nazipanga futi mbili. Papi za bati huachana futi tatu, lakini za kigae cha umbo la Mangalore ni kama inchi kumi na mbili na nusu, kwa kuwa kila safu ya vigae lazima ipate papi yake ya kushikilia. Mteremko wa nyuzi 30 nalala usingizi, chini ya 25 kazi siipokei. Asije mtu akakudanganya kwamba unaweza kuvua bati la zamani ukapandisha vigae juu ya kenchi zilezile. Linta, kuta na msingi vijulishwe mapema. Gharama kubwa ya vigae iko kwenye mbao, tena mbao iliyotiwa dawa, maana mchwa wa Chamazi hawana dini.

Kigae kibovu unakijua mkononi kabla hakijapanda. Kishike kwa vidole viwili kikiwa kinaning'inia, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama bakuli la bati kimeiva. Kikitoa sauti ya kufa, kina ufa usiouona au moto haukufika katikati. Kisha geuza mgongo utazame zile pua mbili zinazoshika papi: pua ikikatika, kigae kitateleza siku isiyo na jina. Tunaanza kulaza chini kwenda juu, kila kimoja kikimfunika mwenzake ubavuni na kichwani. Safu za chini, za pembeni na zilizo karibu na kofia napigilia zote, katikati naweza kuruka. Pwani ya sasa inahitaji hivyo. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotukaribia, kila mwenye nyumba alitazama juu. Upepo ukipata mwanya chini ya bati unaondoka na upande mzima, na bati linaloruka barabarani ni panga. Kigae kisipopigiliwa nacho kitang'oka, sitaki kudanganya mtu, ila kinang'oka kimoja, na kesho yake napanda na ngazi narudishia kimoja.

Kikwazo kikubwa kuliko bei ni fasheni. Siku hizi kila mtu anataka paa la kuficha: kuta zinapandishwa, bati linalazwa nyuma yake karibu bapa, na maji yanapelekwa kwenye gata la ndani ambalo majani ya mwembe yanaliziba ifikapo Machi. Nimezibua magata hayo mpaka nimeyachukia. Kigae hakikubali kufichwa namna hiyo. Mama mmoja mwenye kiwanja Toangoma nilimchorea paa la vigae la migongo miwili, lenye kibaraza mbele cha kuwakinga wateja na mvua. Akaniambia, "Fundi, watu watasema nimejenga kanisa." Nikamjibu, "Mama, kanisa halijawahi kukosa watu." Alicheka, akajenga paa la kuficha. Hoja yake halisi ilikuwa bango: ukuta mrefu wa mbele ndio unaobeba jina la duka na rangi ya kampuni ya simu. Ni hoja ya kweli. Lakini bango linahitaji fremu yake ya chuma na nguzo mbili, halihitaji kuharibu paa zima.

Vigae vitatoka wapi? Hilo ndilo swali gumu, na wanaouliza wako sahihi. Wamisionari wa Nyanda za Juu walifyatua tofali na vigae palepale walipojenga. Pwani ilizoea kuagiza: misheni ya Basel ilianzisha kiwanda cha vigae Mangalore, India, mwaka 1865, na vigae vya mji huo vikavuka Bahari ya Hindi vikaja kuezeka nyumba za Mombasa na miji mingine ya pwani. Bati jepesi lilipokuja, linalobebeka kwa mkokoteni na kupigiliwa kwa siku mbili, tanuri zikakosa wateja. Udongo tunao. Watu hukimbilia kutaja kaolini ya Pugu, lakini hiyo ni nyeupe na inafaa zaidi kwa sahani na kauri. Kigae kinataka udongo wa kawaida wenye madini ya chuma, ule unaotoka tanurini ukiwa mwekundu, na Iringa, Mbeya na Morogoro wanauchomea tofali kila kiangazi. Wasiwasi wangu ni kuni. Sitaki mtu akate misitu ya Kisarawe kwa sababu ya makala yangu. Kwenye mikoa ya mpunga watu huchoma tofali kwa pumba, na mwekezaji wa vigae aanzie huko, si kwenye gogo.

Asiyeweza kumudu kigae cha udongo asiruke moja kwa moja kwenye geji 30. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulikuwa ukifundisha vijana kufyatua vigae vya saruji kwa mashine ndogo, bila kuni hata moja. Havina maisha ya udongo uliochomwa, ila kwa joto na kelele vinalishinda bati mbali sana.

Mtu wa Mbagala atanikumbusha 29 Aprili 2009, siku ghala la silaha lilipolipuka na mabomu kuanguka juu ya nyumba za watu. Vigae vingevunjika, ndiyo. Hakuna paa linalouzwa dukani kwa ajili ya siku kama ile. Kinachovunja vigae siku za kawaida ni fundi wa dishi anayepanda na buti kama anapanda ngazi, na fundi bomba anayetaka kuweka tangi juu ya kenchi. Vigae vinakanyagwa juu ya ubao uliolazwa, na tangi linawekewa mnara wake. Weka vigae thelathini vya akiba stoo, maana ukivitafuta baada ya miaka kumi huenda umbo lile halitengenezwi tena.

Halmashauri za Temeke na Kinondoni zinajenga masoko na vibanda vya biashara kila bajeti. Soko moja tu likiandikwa kwenye zabuni kwamba litaezekwa vigae vilivyochomwa nchini, mwenye tanuri atapata sababu ya kuwasha moto, na wenye fremu watapata pa kwenda kutazama kabla ya kuamua. Madiwani, ombi hilo ni lenu. Na wewe unayejenga mwaka huu, kabla hujamwaga linta, mwambie fundi akupigie hesabu mbili, ya bati na ya vigae, mbao zikiwa ndani ya zote mbili, pamoja na kodi ya fremu kwa miaka 20. Akikwambia haina haja ya hesabu ya pili, tafuta fundi mwingine.