Seva Haijalala, Ni Nyinyi Mmepotea

Wasee, kuna sentensi moja imetuzoea sana hapa Kenya: "Sistemu imelala, rudi kesho." Umetoka Kanja hadi Embu mjini na nauli ya kuokoteza, unafika dirishani, unaambiwa hivyo, unarudi na karatasi zako mkononi. Na sisi tunaitikia "sawa", kana kwamba tumeambiwa mvua imenyesha. Mimi nimechoka. Mara nyingi seva iko macho kabisa. Kompyuta ndiyo imeonyeshwa njia mbaya.

Nilipokuwa bado chuo (sikumaliza, hiyo hadithi mnaijua, na chuo sikitaji), tulikuwa na CAT ya kufanyia kwa kompyuta saa mbili asubuhi. Naweka jina, naweka paswadi, Windows inaniambia hakuna seva ya logini inayopatikana. Jirani yangu vilevile. Lakini msee mmoja nyuma akaingia bila shida. Fundi akaja, akakuna kichwa, akatangaza: seva imelala. Dakika 40 zikaenda hivyo. CAT haikurudiwa.

Hiyo seva ilikuwa chumba cha pili, taa zinawaka. Fundi mwenyewe alikuja kuniambia baadaye: siku chache kabla, alikuwa amepitia kompyuta zote akaandika 8.8.8.8 kwenye DNS, "ndio neti ikimbie".

Sasa sikia vile mambo huenda. Kompyuta ya chuo au ofisi haijui anayekagua paswadi anakaa wapi. Kwa mitandao ya Windows tangu mwaka 2000, kazi hiyo hufanywa kwa Kerberos, mfumo uliozaliwa chuo cha MIT kule Marekani miaka ya 1980. Jina lake ni la yule mbwa wa vichwa vitatu anayelinda lango la wafu kwa hadithi za Wagiriki. Paswadi yako haisafirishwi. Unapewa tiketi ya kukuingiza. Lakini kwanza lazima umpate mlinzi wa lango. Kwa hivyo kompyuta huuliza DNS: kwa mtandao huu, nani anatoa tiketi? Swali lenyewe huandikwa _kerberos._tcp, halafu jina la mtandao. Jibu, linaloitwa rekodi ya SRV, hutaja seva, mlango wake (kwa kawaida 88), na kama ziko nyingi, ianze na gani.

Chukulia mgeni ameshuka steji ya Kanja anatafuta kwa cucu yako. Akiuliza mtu wa boda hapo, amefika. Sasa yeye anapigia mtu California: "Cucu wa Kanja anakaa wapi?" Yule wa California anajua mitaa mikubwa ya dunia nzima, lakini cucu hamjui. Atajibu tu kwamba hakuna mtu kama huyo. 8.8.8.8 ni DNS ya Google. Rekodi za ndani za chuo chenu haina, na haifai kuwa nazo. Cucu yuko jikoni, chai iko tayari, na mgeni anasema cucu amehama.

Na yule msee wa nyuma? Alikuwa ametumia kompyuta hiyo siku za nyuma. Windows huweka kumbukumbu ya walioingia karibuni, na ikikosa seva, hutumia hiyo. Dalili ilikuwa mbele ya macho yetu. Hakuna aliyeuliza.

Hata wakubwa hupotea hivi. Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizima jioni yetu kwa kama saa sita. Amri moja ya matengenezo ilikata mtandao wa ndani wa Facebook, na seva zao za DNS zikajiondoa kwenye ramani ya intaneti. Seva hizo zilikuwa bado zinafanya kazi, ila hakuna aliyeweza kuzifikia. Hata vifaa ambavyo wahandisi wao hutumia kurekebisha vikagoma.

Najua mafundi mtasema: tukiacha DNS ya ndani pekee, intaneti itakufa. Hapana. DNS ya ndani ikikosa jibu, inaweza kuuliza Google kwa niaba ya wote. Weka 8.8.8.8 hapo, kwa seva, si kwa kompyuta ya mwanafunzi. Na ile ujanja ya kuweka zote mbili, ya ndani kwanza na ya Google pili? Ya kwanza ikichelewa kidogo, kompyuta inahamia ya pili, inaambiwa "hakuna", na inaamini. Mbaya zaidi ni kuandika kwa mkono anwani ya seva moja kila mahali. Siku hiyo seva ikihama, mmekwama nyote, ilhali DNS ingetaja nyingine.

Na inawezekana kufanya hivi vizuri, hata hapa kwetu. Eduroam, ambayo KENET inaiendesha Kenya, humwezesha mwanafunzi kuingia kwa Wi-Fi ya chuo kingine kilichojiunga. Kinachosoma njia ni yale maneno baada ya @ kwa jina lake. Ombi linarudishwa hadi kwa chuo chake kukaguliwa. Ukiandikwa vizuri mwelekeo, unafika hata ukiwa ugenini.

Wengine watauliza, wewe uliyeacha chuo unatufundisha nini? Cheti sina, ni kweli. Lakini nslookup haiulizi cheti. Fungua dirisha la amri, andika nslookup -type=srv _kerberos._tcp. kisha jina la mtandao wenu, bila nafasi baada ya nukta. Likirudi jina la seva na namba 88, njia iko sawa, tafuteni shida kwingine. Angalieni hata saa, maana Kerberos kwa kawaida hukataa kompyuta iliyopishana na seva zaidi ya dakika 5. Ikisema jina hilo halipo, mmeuliza mtu wa California. Ni kazi ya dakika moja. Mimi nilipoteza 40 na alama zangu.

Mtumie fundi wa chuo chenu hii. Na kesho ukiambiwa sistemu imelala, usiseme sawa. Uliza kwa heshima: imelala, ama mmeshindwa kuipata?